Sentensi Isiyokwama

Mpelelezi alikuwa amechoka kuliko mimi, na mimi nilikuwa sijapata usingizi wa maana tangu mdogo wangu akamatwe. Aliniambia nikae, akatafuta kiti, akakuta kimejaa mafaili, akayashusha sakafuni, halafu akakaa yeye. Mimi nikabaki nimesimama na mkoba wangu. Ilimchukua muda kugundua.

"Samahani, dada. Kaa wewe. Kichwa changu leo nimekiacha nyumbani."

Nikakaa. Akajivutia kisanduku cha soda akakalia hicho. Dirisha la ofisi lilibandikwa magazeti kuzuia jua, feni ilikuwa imesimama, na mezani palikuwa na kikombe cha chai iliyoganda utando juu.

"Umekuja na nani?"

"Na mume wangu. Yuko nje na mtoto. Ni dereva pale pale ghalani, ametuleta na lori."

"Mume wako mtu mwema. Wengine tukiwaita wanakuja peke yao, wanalia peke yao."

"Ananisaidia sana, afande," nikasema, na nilisema kweli. Kila asubuhi ndiye aliyempelekea mdogo wangu chakula mahabusu. Mimi napiga pasi kwa dobi, nikichelewa mtu mwingine anachukua pasi yangu, kwa hiyo yeye alijitwisha mzigo huo bila kuombwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mdogo wangu na mume wangu wanafanya kazi ghala moja la vifaa vya umeme, mume wangu akiendesha lori, mdogo wangu akipakia na kupakua. Siku moja asubuhi watu wakakuta nyaya za shaba zimechukuliwa, na mlinzi, mzee wa watu, amelala chini ya jukwaa la kupakilia, kichwa kimepasuka. Yuko hospitali mpaka leo, hajafumbua macho. Mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo jioni ile alikuwa nao mdogo wangu.

"Kesho faili linakwenda mahakamani," mpelelezi akasema. "Sasa hivi ni wizi na kujeruhi. Mzee akitutoka, ni mauaji, na hapo hata nikimwonea huruma haitamsaidia kitu. Akisema ukweli leo, leo hii, kuna tofauti. Ndiyo maana nimekuita. Umwambie aseme."

"Kwani amesemaje?"

"Amedanganya."

Akafikicha macho kwa viganja, akaendelea kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma mara nyingi.

"Walitupeleka mafunzo ya kusikiliza maneno. Si unachosema, ni unavyosema. Mtu anayedanganya anajitoa kwenye hadithi yake. Hasemi mimi. Watu aliowadhuru hawataji. Vitu vinavyomtisha anavizunguka. Sasa mdogo wako nimekaa naye kutwa, nimemrekodi. Hasemi mimi. Mlinzi hamtaji, anasema yule anayekesha. Mlango anauita pale pa kuingilia. Mtu gani hataki kusema mlango, kama mlango haujamfanya kitu?"

"Afande, ana kigugumizi."

"Najua ana kigugumizi. Kigugumizi si uongo, mimi si mjinga. Nazungumzia maneno anayoyachagua."

"Hayachagui. Anayakwepa."

Akaniangalia.

Nikamweleza, polepole, kwa sababu sikuwa nimewahi kumweleza mtu. Nyumbani hatukuhitaji kuelezana. Mdogo wangu neno likianza na M linamfunga midomo. Tangu mtoto. Watoto wenzake walimsubiri kwenye M kama watu wanaosubiri mtu ateleze kwenye tope, wapate kucheka. Akajifunza kupita kando. Ukimtuma mafuta dukani, ataomba ya kukaangia. Mshahara anauita jasho langu. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa aliyenizaa, na mama mwenyewe alikuwa akiitika. Mchumba wake ni wa moyoni, na yule binti anadhani ni mapenzi.

Mpelelezi alicheka, kicheko cha kukohoa.

"Ghalani wanamwita Redio," nikasema. "Kwa kuwa inachelewa kushika stesheni. Kwa hiyo mimi, mlinzi, mlango, hivyo vyote kwake ni ukuta. Hajifichi. Anazunguka apate kufika."

Akachukua kikombe, akaona utando, akakirudisha.

"Mwalimu wetu alituambia mwongo anajificha nyuma ya maneno," akasema. "Hakutuambia wakweli wenye shida zao wanakaa wapi." Akavuta kinasa sauti katikati ya meza. "Haya. Nimetumia usiku wa siku mbili kwenye kitu hiki nikiandika pembeni uongo, uongo, uongo. Tusikilize wote. Kila anapokwepa, niambie amekwepa nini. Kama ni hivyo unavyosema, faili lote hili linabadilika."

Moyo wangu ulinyanyuka kidogo. Nilivuta kiti.

Sauti ya mdogo wangu ikatoka kwenye kile kidude, nyembamba, imechoka. Alikuwa akisimulia siku ile toka asubuhi. Mimi nikawa namsindikiza. Hapo alitaka kusema mzigo, kasema furushi. Hapo alikuwa anaisogelea mvua, akaona haivukiki, akasema kulilowa. Hapo ni mchana, kasema jua la utosini. Mpelelezi akawa anafuta alichoandika. Alikuwa akifuta kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka mahali pamoja, na nilimwona amepata uhai kidogo, kama mtu aliyepewa kiti kwenye foleni. Mimi nami nikaanza kuwaza nitakavyotoka nje na kumwambia mume wangu, amekwisha kuachiwa, twende tukamtandikie kitanda.

Kisha sauti ikasema:

"Mimi nilifunga mlango mkubwa, nikamuaga mlinzi, nikaondoka mwenyewe bila kumuona mtu."

Ilitoka yote, laini kama kitambaa kilichopita chini ya pasi. Na nyuma yake palisikika kitu kidogo kikigonga. Ta, ta, ta. Kidole juu ya meza.

Mpelelezi akabonyeza, ikanyamaza.

"Hapa ndipo pekee nilipomwamini," akasema. "Kajitaja, kamtaja mlinzi, kautaja mlango. Nikasema huyu, akitaka, anaweza. Huko kwingine kote ndiko nilikosema anavunga." Akasita. "Hapa amekwepa nini?"

"Hapa hajakwepa kitu," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na nilitamani lingekuwa la uongo.

Mdogo wangu hakwami kwenye kitu anachokijua kwa moyo. Sala hazimkwamishi, wala nyimbo, wala hesabu za kuzidisha. Mama ndiye aliyeligundua hilo. Kila alipotakiwa kusema jambo mbele za watu, mama alimtungia, akamkalisha, akamfundisha kugonga kwa kidole, neno na pigo, neno na pigo, mpaka likaingia lote mwilini. Likishaingia halitoki na kigugumizi. Lakini mwenyewe, kwa hiari yake, hawezi kutunga sentensi yenye M zote zile. Ni kama mtu anayeogopa maji kujichagulia njia ya mtoni. Ile sentensi alipewa.

Na mimi nilijua alipewa lini. Siku iliyofuata baada ya wizi, kabla askari hawajaja, nilikuwa uani naanua nguo. Wao wawili walikuwa wameketi nyuma ya tangi la maji. Mume wangu anasema kwa sauti ya chini, mdogo wangu anarudia, kidole kinagonga tangi. Maneno sikuyasikia. Nikawauliza kuna nini. Mume wangu, ambaye ulimi wake haujawahi kukosa mafuta, akasema, "Namfundisha maneno ya kupeleka posa. Huyu bwana anataka kuoa, unadhani huko ukweni atabisha hodi kwa vidole?" Nilicheka. Nilifurahi hata nikawapelekea maji ya kunywa. Mdogo wangu aliyapokea bila kuniangalia, nikadhani ni haya za mchumba.

"Dada?"

"Nakusikia, afande."

"Umenyamaza."

"Nimechoka tu."

Akaruhusu sauti iendelee. Mdogo wangu akarudi kwenye kuzunguka kwake, akikwama, akipumua, akisema hajui, hakuona. Mimi sikuwa namsindikiza tena. Nilikuwa nikiwaza kodi ya nyumba, na mtoto, na lori lililoegeshwa upande wa pili wa barabara, na mikono iliyokuwa ikipeleka chakula mahabusu kila asubuhi. Nilidhani ilipeleka chakula. Kumbe ilikwenda pia kuangalia kama sentensi bado ipo.

Sauti ilipokwisha nikainuka.

"Naomba niende, afande. Dereva ananisubiri."

"Nani anakusubiri?"

"Dereva. Baba mtoto."

Alikuwa akiniangalia kwa namna ambayo hakuwa ameniangalia tangu niingie, si kwa ukali, na sikuona kama amefurahi.

"Ulipoingia hapa ulimwita 'mume wangu'," akasema.

Nikakaa tena.

"Kuna kitu kilikuwa kinanikera kwenye rekodi hii, sikujua ni nini," akasema. "Nilikuwa natafuta maneno aliyoyakwepa. Sasa umenisaidia, hayo tumeyaondoa. Limebaki ambalo halipo kabisa. Mdogo wako anapakia lori. Ameisimulia siku nzima, asubuhi mpaka jioni, na lori linakwenda na kurudi, na hakuna mtu anayeliendesha. Dereva haianzi na M."

"Haianzi."

"Yeye anamwitaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kujitia hamnazo, nikauliza saa ngapi, nikalia. Mpelelezi alikuwa amegeuza uso kwenye yale magazeti ya dirishani, kama anayenipa nafasi.

"Shemeji," nikasema.

"Na shemeji inamkwamisha?"

"Hata kidogo. Kutwa yuko nalo mdomoni. Shemeji hivi, shemeji vile."

Akakizima kinasa sauti ingawa kilikuwa kimenyamaza zamani.

"Wewe ni mke wake. Sikulazimishi uongeze neno, na hili ulilosema silipeleki popote. Lakini kesho faili linaondoka na jina la mdogo wako, na mimi sina jina jingine nililoambiwa na mtu aliyekuwepo. Nina sikio tu, na sikio langu limekwisha kukosea mara moja leo."

Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyechoka, haina pa kwenda. Mdogo wangu alikuwa radhi afungwe ili mimi nibaki na mume. Mume wangu alikuwa radhi mdogo wangu afungwe ili abaki na mimi, au na lori, au na hizo nyaya, sijui. Wanaume wawili wamekaa nyuma ya tangi wamepanga maisha yangu yaweje, na mimi nikawaletea maji.

"Mlete," nikasema. "Nikae naye. Na wewe kaa, urekodi. Ila usimmalizie maneno."

"Mimi?"

"Watu wote mnammalizia. Hata mimi nikiwa na haraka. Akimaliziwa anakubali tu, hata kama siyo alilotaka kusema. Ukimwambia hivi ndivyo ilivyokuwa, atasema ndiyo, yaishe."

Mpelelezi akakuna shingo. Sikujua ni mara ngapi alikuwa amemmalizia kutwa ile, lakini yeye alijua.

Walimleta pekupeku, shati limetoka kifungo. Akakaa kwenye kisanduku cha soda. Aliponiona alijaribu kutabasamu.

"Dada, umekonda."

"Na wewe umenenepa? Hebu jiangalie, Redio gani hii, hata betri haina."

Akacheka kwa pua. Mpelelezi alikuwa amesimama kwenye kona, amekunja mikono, kidude mezani kinawaka taa nyekundu.

"Nimeisikia sentensi yako," nikasema. "Ile ya tangini. Imekaa vizuri. Ukweni wangekupa binti siku hiyo hiyo."

Tabasamu likamtoka. Akaangalia mlango, akaangalia kidude, akaniangalia mimi, na macho yake yakawa yananiomba ninyamaze.

"Dada, acha."

"Siachi."

"Ni kwa ajili yako. Wewe na..." Midomo ikagandana. Alikuwa ameifikia m ya mtoto. Niliona shingo inakaza, kope zinapigapiga. Nilijua neno, mpelelezi alilijua neno, na hakuna aliyesema. Akashindwa, akazunguka. "Wewe na huyo kichanga. Nani atawalisha?"

"Kwani nani anapiga pasi? Mikono hii umeiona?" Nikamwonyesha palipoungua. "Tutahama, tutachukua chumba kimoja. Nyumba za kupanga zipo. Wewe hukuniuliza. Ungeniuliza ningekuambia sitaki kulishwa hivyo."

Akainamisha kichwa. Kidole chake kikaanza kutafuta ukingo wa meza, ta, ta, na mimi nikakishika.

"Usigonge. Sema kwa njia yako. Hata tukikaa hapa mpaka jua lizame, mimi sina pa kwenda."

Ilimchukua muda mrefu. Alianza akaacha, akaanza akaacha. Kuna mahali alikwama hata mpelelezi akafumbua mdomo, nikamtazama, akaufumba. Nilichokuwa nakiogopa ni lile neno shemeji. Nilidhani leo litamkata koo, nilidhani nitalazimika kulisubiri silabi kwa silabi. Halikumsumbua.

"Shemeji aliniomba ufunguo," akasema. "Alisema leseni yake kaisahau kwenye lori, na lori liko ndani. Kanikuta naondoka. Nikasema twende wote, akasema nenda, usichelewe, wewe una wa moyoni. Nikampa. Asubuhi ndiyo nikasikia. Nikamuuliza. Shemeji akasema yule anayekesha alijitupa tu, hakumgusa. Yule alimkuta shemeji na furushi, akamshika shati, wakavutana pale juu ya jukwaa, yule akateleza. Akasema akifungwa yeye, dada atalala nje. Akasema nikifungwa, hakuna wa kulala nje."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyemsaidia hata neno moja. Alipomaliza alikuwa ametota jasho, na mpelelezi akampa kile kikombe cha chai iliyopoa, naye akakinywa chote na utando wake.

"Utarudia hivyo hivyo mbele ya mkuu wangu?" mpelelezi akamuuliza.

"Kama hatanimalizia."

"Nitamwambia. Huwa ana haraka, lakini nitamwambia." Akanigeukia. "Leo hatatoka, dada. Karatasi zina mambo yake. Lakini faili haliondoki hivi lilivyo."

Akamwita askari mmoja wa mapokezi, wakazungumza kwa chini. Halafu akaniuliza kama nataka kupitia mlango wa nyuma.

"Mtoto wangu yuko mbele," nikasema.

Jua la nje lilinipiga usoni. Lori lilikuwa pale pale ng'ambo ya barabara, na mume wangu alikuwa ameegemea gurudumu la mbele, mtoto begani, anamwonyesha njiwa waliokuwa juu ya waya. Mtoto alikuwa akicheka. Nilivuka. Nyuma yangu nilisikia mlango wa kituo ukifunguka, halafu hatua za watu wakisimama ukingoni kusubiri magari yapite.

"Vipi, mama?" akasema. "Mmekaa sana. Nilianza kusema wamekuajiri humo ndani. Amesemaje yule bwana? Mimi nilikuambia hana neno, anatafuta tu pa kuanzia. Mlinzi akizinduka mambo yote yatajulikana, utaona. Nimemnunulia huyu juisi, kajimwagia yote, angalia hili shati."

"Nipe mtoto," nikasema.

"Acha akae, wewe umechoka."

"Nipe mtoto."

Alinitazama, kisha akatazama juu ya bega langu. Sikugeuka. Akamshusha mtoto taratibu, akamweka mikononi mwangu, na kiatu kimoja cha mtoto kikachomoka kikaanguka kwenye lami. Niliinama kukiokota. Niliposimama tayari walikuwa wamefika, na mpelelezi alikuwa akimwomba, kwa sauti ya chini na ya adabu, funguo za lori.